Kupunguza uzito ni tiba pia
Msikilizaji, mwaka 2017 utafiti wa DiRECT nchini Uingereza ulionyesha jambo kubwa. Watu waliougua kisukari aina ya pili kwa muda usiozidi miaka 6 waliacha chakula cha kawaida, wakaishi kwa supu na vinywaji maalumu, kalori kama 850 kwa siku, kwa miezi 3 hadi 5. Mwaka ulipotimia, karibu nusu yao sukari ilikuwa imeshuka bila dawa. Uzito ukipungua, mafuta hupungua kwenye ini na kongosho, na insulini huweza kufanya kazi vizuri tena. Lakini usijaribu peke yako: anayetumia dawa akipunguza chakula ghafla, sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Mwone daktari, na umwone mapema.