Ndago, Profesa na Homa ya Kanyenye

Wiki hii naanza kwa kukiri kosa. Mwaka 2011, katika mazungumzo kama haya, nilitangaza kwa mbwembwe kwamba wataalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamegundua kuwa ndago inaua malaria. Sikusema zaidi, maana muda ulikwisha. Siku ya pili nilipopita Kanyenye kumjulia hali shangazi yangu, nikamkuta na sufuria jikoni, viazi vya ndago vinatokota, na mjukuu wake amelala kwenye mkeka, homa siku ya pili.

"Si wewe uliyesema redioni, baba?"

Mtoto tulimkimbiza zahanati, akapona. Lakini mimi nilibaki na aibu, nikaenda kutafuta kile nilichokitangaza bila kukisoma.

Habari yenyewe ilikuwa ya kweli, tena ya zamani. Mwaka 1990 jarida la Planta Medica la Ujerumani lilichapisha utafiti wa akina Hugo Weenen na Mayunga Nkunya, wakemia wa Mlimani, pamoja na Leonard Mwasumbi, bingwa wa kutambua mimea. Walichukua mimea ambayo wananchi huitumia kutibu malaria, wakaikamua dawa yake na kuijaribu kwa vijidudu vya malaria vilivyofugwa maabara. Ndago, gugu hilo hilo linalotuvunja mgongo shambani, ilikuwa miongoni mwa iliyofanya vizuri.

Hapo ndipo kazi ya mkemia huanza. Mzizi mmoja una kemikali nyingi zilizochanganyika, naye huzichambua moja moja kama mama achambuavyo mchele, mpaka ajue ipi ndiyo inayoua, umbo lake likoje, na inatakiwa kiasi gani. Profesa Nkunya aliifanya kazi hiyo miaka mingi, hasa kwa miti ya jamii ya mstafeli. Hata baada ya kushika madaraka makubwa ya kusimamia vyuo vikuu, jina lake liliendelea kuonekana majaridani. Mwaka 2009 yeye na wenzake, akina Kihampa na Joseph, waliandika kuhusu mimea inayoua viluwiluwi vya mbu.

Lakini kuua vijidudu ndani ya chupa si kumtibu mtoto. Ukimimina jiki ndani ya chupa ile, vijidudu vitakufa vilevile! Lazima ijulikane kama dawa inafika kwenye damu, kama haiharibu ini, na kipimo cha mtoto ni kipi. Kwinini aliyoitegemea Livingstone, ambaye mwaka 1872 alikaa Kwihara, jirani yetu kabisa, ilitoka kwenye gome la mti wa Amerika ya Kusini. Gome hilo lilitumika muda mrefu kwa kubahatisha, mpaka Wafaransa Pelletier na Caventou walipokitoa kiini chake mwaka 1820. Dawa mseto aliyopewa mjukuu wa shangazi nayo ina asili ya jani la Kichina. Mama Tu Youyou na wenzake walikipata kiini chake mwaka 1972, yeye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Ndago yetu haijafika huko. Wasomi hupimana kwa kuhesabu ni mara ngapi wenzao wameitaja kazi ya fulani, na makala ile ya 1990 imetajwa na watafiti wa nchi nyingi. Sawa. Ila mzee auzaye mizizi ya mlundalunda na mlungulungu hapa mjini hana habari nayo, kwa kuwa imeandikwa Kiingereza, katika jarida asilolijua. Simlaumu profesa, kazi yake ameimaliza. Kuirudisha huku ilikuwa kazi ya watu kama mimi, nami niliirudisha nusu.

Mwezi uliopita nilikwenda tena kwa shangazi, nikamweleza yote kwa Kiswahili. Alisikiliza huku akipepeta mchele.

"Na waganga wanaoitumia hiyo mizizi, wameandikwa?"

Nikamsomea majina sita ya waandishi. Yote ya wasomi.

Akaguna, akaendelea na ungo wake. "Basi safari hii useme vizuri, mwanangu. Na ile ya jiki usiiache."