Jiwe la kinyozi si sabuni
Maneno niliyosema mbele ya kikundi chetu cha vinyozi, Baraka

 

Munajua kartoni imefika. Ndani mna nyembe 9 za kukunja na vijiwe 4 vya mstatili. Nilisikia mtu akisema eti wametutumia sabuni. Sabuni hapana! Haya ni mawe ya vinyozi wa zamani, ya kiwandani, mengi ya karne iliyopita, kutoka Ulaya na Marekani. Moja lina jina la Franz Swaty, kutoka Maribor, mji ambao leo uko Slovenia.

Jiwe hili halitengenezi wembe uliomeguka. Linarudisha makali yaliyochoka kidogo, basi. Unalilowesha kwa maji au povu la sabuni, unalaza wembe mpaka mgongo na makali vyote viguse jiwe, unausukuma makali yakiwa mbele. Usikandamize, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Ukifika mwisho, ugeuze juu ya mgongo wake, urudi. Mara tatu mpaka tano kila upande. Halafu mkanda wa ngozi, na hapo ni kinyume: mgongo njo unatangulia. Ukisahau, unakata mkanda.

Mimi mwenyewe nilikosea. Nilifikiri ukinoa sana, wembe unakata sana, nikahesabu mara hamsini. Mzee mmoja wetu, aliyenyoa watu miaka mingi kule kambini Nyarugusu, alinitazama tu, hakusema kitu. Nilipomaliza akaushika wembe, akaupitisha kwenye nywele za mkono wake, akacheka. « Mwanangu, umeyafanya makali membamba mpaka yanajikunja. Nyoa nayo uone ngozi itakavyowaka. » Akaupitisha tena mara chache, kwa wepesi, kama mtu anayefuta vumbi.

Sasa neno lenye uzito. Wengine kati yetu wanataka nyembe hizi ziingie saluni, kwa sababu kununua wembe mpya kwa kila mteja kunakula faida. Hesabu hiyo naielewa. Lakini virusi vya hepatiti B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, ndani ya damu ambayo hata huioni. Wembe wa mtu wa kwanza umepita kwenye mkanda, wa mtu wa pili umepita palepale. Ngozi ile utaichemshaje?

Kwa hiyo naomba hivi. Saluni, kila mteja na wembe wake mpya, na uliotumika uingie ndani ya kopo gumu, si nyuma ya nyumba ambapo watoto wanacheza. Wembe wa kukunja uwe wa mtu mmoja, haukopeshwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Mteja akileta wa kwake, umnolee, akulipe: hiyo pia ni kazi. Lakini kwanza uoshwe kwa sabuni, kisha chuma kilale dakika 10 ndani ya javel ya asilimia 0.5. Muuguzi atatuonyesha namna ya kuipima. Suuza, kausha palepale, tia mafuta kidogo, maana javel inaleta kutu. Usichemshe, mipini mingine ni ya pembe. Na mahali pa mkanda, kunja ukurasa wa gazeti, pitisha wembe juu yake, kisha tupa. Hata gazeti letu hili, mukishalisoma!

Wafadhili, asante kwa kartoni. Kama munauliza kitu gani kitatusaidia zaidi mara ijayo, ni nyembe ndogo za kutumia mara moja, hata kama hazipendezi kwenye picha.

Mawe yako kwa yule mzee. Anayetaka kujifunza aje Jumamosi asubuhi na wembe wake mwenyewe. Mbili zimeshika kutu, tutaanza na hizo.