Homa Isiyo Malaria: Magonjwa Wanayokutana Nayo Wahudumu wa Kujitolea Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Magonjwa ya Moshi hufuata mwinuko wa ardhi. Kusini mwa mji, kwenye tambarare za Kahe, Mabogini na mashamba ya miwa ya TPC, joto ni kali na mbu hupata maji ya kuzaliana kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kaskazini, kuelekea Kibosho, Machame na Marangu, huanza ukanda wa vihamba vya migomba na kahawa, wenye kimo cha mita 1,000 hadi 1,800 hivi. Huko baridi huchelewesha vimelea vya malaria kukomaa ndani ya mbu. Kutoka ukanda mmoja hadi mwingine ni safari fupi ya daladala, kwa hiyo swali la kwanza kwa mgonjwa mwenye homa linapaswa kuwa lilelile: anaishi wapi, na wiki zilizopita alilala wapi?

Swali hilo huachwa mara nyingi, hasa na mhudumu mgeni aliyefundishwa kwamba homa ya Afrika ni malaria. Wagonjwa nao huchangia, kwani wengi hufika wakitaja malaria badala ya kueleza wanavyojisikia. Ukubwa wa kosa hili umepimwa mjini Moshi kwenyewe. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia watoto na watu wazima 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528 walidhaniwa na madaktari kuwa na malaria. Waliothibitika kuwa malaria ndiyo iliyowaletea homa walikuwa 14 tu katika wote 870.

Wengine waliugua nini? Takriban mmoja kati ya kumi alikuwa na bakteria kwenye damu, baadhi yao wakiwa na homa ya matumbo. Wengine walikuwa na fangasi kwenye damu, hali inayoandamana sana na VVU. Miongoni mwa waliopimwa zaidi yalionekana magonjwa ambayo hayakuwa hata kwenye orodha ya madaktari: homa ya mgunda, homa ya kupe, homa ya Q, bruselosi na chikungunya. Manne ya kwanza hutoka kwa wanyama, na hilo halipaswi kumshangaza anayeijua Kilimanjaro. Katika vihamba vingi ng'ombe na mbuzi hufungiwa zizini hatua chache kutoka jikoni, na wenye nyumba hukata majani, hukamua na huzoa samadi kila siku. Homa ya mgunda huenezwa na mkojo wa panya na mifugo. Bruselosi huingia kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kumsaidia mnyama anayezaa au aliyetupa mimba, na homa ya Q nayo huambukiza wakati wa uzazi wa mifugo.

Dawa mseto ya malaria haitibu hata moja kati ya homa hizo. Doksisaiklini, ambayo ni ya bei nafuu, hutibu homa ya kupe, homa ya Q na homa ya mgunda. Bruselosi huhitaji iunganishwe na dawa nyingine kwa wiki kadhaa. Sindano ya seftriaksoni, kimbilio la wodi nyingi, haiwezi kutegemewa kwa homa ya kupe wala homa ya Q. Kwa hiyo kipimo cha haraka cha malaria kikionyesha hakuna vimelea, kazi ya mhudumu ndiyo kwanza imeanza. Kumpa mgonjwa dawa ya malaria hata hivyo, eti kwa tahadhari, ni kumnyima matibabu.

Malaria bado ipo tambarare, ingawa si kila mahali panapodhaniwa. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika 1987, uliongeza mbu katika vijiji vya mpunga kama Chekereni. Hata hivyo utafiti ulikuta maambukizi ya malaria huko yakiwa machache kuliko katika kijiji jirani kisicho na mpunga. Kipato na vyandarua vilikuwa sehemu ya sababu. Mifereji hiyohiyo ina konokono wanaoeneza kichocho cha tumbo, kinachotibiwa kwa prazikwanteli.

Kwa watoto, kichomi na kuhara bado hutangulia. Chumvi ya kuongeza maji mwilini pamoja na zinki hutosha kwa kuhara kwingi. Meno ya kahawia, yanayoonekana sana maeneo yenye floraidi nyingi majini, si ushahidi wa kutopiga mswaki.

Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, imehudumia kifua kikuu tangu 1926. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi hudai kipimo cha makohozi, na mchimbaji wa Mirerani aulizwe pia kuhusu vumbi la mgodini.

Ugonjwa unaopuuzwa kuliko yote ni shinikizo la damu. Uchunguzi wa wazee wa miaka 70 na zaidi wilayani Hai ulikuta takriban saba katika kila kumi wakiwa nalo, na kiharusi huwalaza wengi waliokuwa hawajawahi kupimwa. Kambi ya matibabu ya siku mbili inayogawa vidonge vya mwezi mmoja kisha ikaondoka huacha hatari ileile. Vipimo na dawa viandikwe kwenye daftari la mgonjwa, na apangiwe kliniki ya kituo cha karibu, kwa dawa zinazopatikana hapo baada ya wageni kuondoka.

Kwenye mlima wenyewe, wenye kilele cha mita 5,895, kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za ugonjwa wa mwinuko. Kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema hata akiwa amepumzika huashiria ubongo umevimba au mapafu yamejaa maji, na tiba ni kushuka mara moja, hata usiku. Asetazolamidi husaidia kuzuia, lakini haichukui nafasi ya kushuka. Wapagazi nao huugua. Hawazaliwi na kinga kwa kuwa vijiji vyao viko miteremkoni, na baadhi huficha dalili wasipoteze ujira. Mpagazi mgonjwa achunguzwe kwa kipimo kilekile cha mtalii, na asiteremshwe peke yake.