Geuza Jani la Mbuni

Msikilizaji, jani la mbuni likigeuka manjano, jibu jepesi ni kwamba limezeeka. Mara nyingi ni kweli. Majani makongwe, yale ya ndani karibu na shina, hupauka sawasawa jani zima, kisha huanguka. Hapo hapahitajiki dawa.

Kutu ya majani ina sura nyingine. Juu ya jani utaona madoa yaliyotawanyika bila mpangilio. Sasa ligeuze. Upande wa chini pana unga wa rangi ya chungwa, laini kama bizari; upanguse kwa kidole, nao utakuachia rangi. Unga huo ni vijimbegu vya kuvu aina ya Hemileia vastatrix, ileile iliyoangamiza kahawa ya Ceylon, Sri Lanka ya leo, kuanzia mwaka 1869.

Kinachoniuma ni mkulima anayetumia akiba yake yote kununua mbolea akidhani mibuni ina njaa, kumbe shamba lina kuvu. Mbuni huzaa kwenye matawi yaliyokua mwaka uliotangulia, kwa hiyo kutu ikipukutisha majani sasa, matawi hayakui vizuri na pengo litaonekana msimu ujao. Dawa za kopa hukinga jani ambalo bado halijaambukizwa. Hupulizwa mvua zinapokaribia, si wakati matawi yamebaki matupu. Na anayepanda upya aulizie miche inayostahimili: kwa Kenya ipo Ruiru 11 na Batian, na kwa Tanzania zipo aina zilizotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu, Kilimanjaro.