Daktari Aliyehamishiwa Gerezani

Barua ya uhamisho haina kelele. Haimvishi mtu pingu wala haimfikishi mahakamani. Ndiyo silaha ambayo serikali ya Gavana Edward Twining iliichomoa dhidi ya Dakta Vedasto Kyaruzi.

Msikilizaji, Kyaruzi alikuwa mzaliwa wa Bukoba, aliyesomea udaktari Makerere. Mwaka 1950 alichaguliwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, na Abdulwahid Sykes akawa katibu. Chama hicho, kilichoasisiwa mwaka 1929, kilikuwa kimezorota. Vijana hao wakakiamsha. Wakaunda kamati ndogo ya siasa iliyomweka daktari meza moja na mfanyabiashara John Rupia na Sheikh Hassan bin Ameir, na kamati hiyo ikapeleka serikalini maoni yake kuhusu katiba ya nchi.

Mkoloni alizoea kusema Mwafrika bado hajaiva kujitawala. Sasa maneno hayo angemwambia nani? Mtu aliyemkabidhi wagonjwa awatibu?

Lakini daktari huyo alikuwa na sehemu moja ya kumbana: mwajiri wake alikuwa serikali yenyewe.

Barua ikaja. Kyaruzi akahamishiwa hospitali ya gereza la Kingolwira, karibu na Morogoro. Hakuwa amehukumiwa kwa kosa lolote, ila kazi yake ikawa kutibu wafungwa. Baadaye akasukumwa mbali zaidi, Nzega. Makao makuu ya chama yako New Street, Dar es Salaam. Rais wake yuko Unyamwezini. Kikao kitaitishwaje?

Mwaka 1953 serikali ikaziba mianya yote: watumishi wake wakapigwa marufuku kujiunga na vyama vya siasa. Wasomi wengi wakabaki wakichungulia kwa mbali. Lakini mwaka huohuo uongozi wa TAA ukamwangukia Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya misheni ya Pugu, si ya serikali. Tarehe 7 Julai 1954, TAA ikageuzwa kuwa TANU.

Desemba 1961 Tanganyika huru iliingia Umoja wa Mataifa, na mwakilishi wake wa kwanza huko New York akawa Kyaruzi, daktari yuleyule wa Kingolwira. Saba Saba ijayo, tunapowasimulia watoto habari za uhuru, tusianzie mwaka 1954.