Mpangaji Pia ni Mkazi
Hotuba kwa baraza la wakazi wa Ruiru, Kaunti ya Kiambu



Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu 490,120. Kwa miaka kumi tu, mji umekuwa na watu zaidi ya maradufu.

Sababu zinajulikana. Upanuzi wa barabara kuu ya Thika ulikamilika mwaka 2012, na safari ya Nairobi ikawa fupi. Mashamba ya kahawa yakagawanywa ploti, na penye nyumba ya familia moja pakasimama fleti. Waliokuja wengi ni vijana wanaofanya kazi Nairobi na familia changa zinazolipa kodi kila mwezi.

Sasa kuna mpango wa nyumba za bei nafuu, na kila upande una hofu yake. Mwenye ploti anaogopa vyumba vyake kubaki vitupu. Mzee wa mtaa anauliza maji yatatoka wapi. Mpangaji anasema nyumba hizo zitachukuliwa na wenye pesa.

Hofu hizo hazifai kupuuzwa, lakini ni vyema sheria ijulikane. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Nyumba za kijamii zinalenga wenye mapato ya chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na za bei nafuu wenye mapato kati ya shilingi 20,000 na 149,000. Aliyenunua haruhusiwi kuuza bila idhini ya Bodi. Maombi hupitia jukwaa la Boma Yangu, wala si kwa dalali.

Kuhusu maji, mzee ana haki ya kuuliza. Nyumba ya watu watano ikipisha jengo la vyumba hamsini, bomba la zamani halijipanui lenyewe. Vivyo hivyo mtaro wa majitaka, chekechea na zahanati. Hizo zote, kwa mujibu wa Katiba, ni kazi za kaunti, na hulipiwa na bajeti ya kaunti.

Na hapo ndipo penye pengo. Anayekaa Ruiru lakini moyo wake uko kijijini alikozaliwa huona vikao vya bajeti ni vya wenye ardhi. Haendi. Viti vinajaa wenye ploti, na ombi la barabara linaandikwa kabla ya ombi la chekechea. Mtoto wa mpangaji anabaki nyumbani, au mzazi analipia shule ya kibinafsi asiyoimudu.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mkazi nafasi ya kushiriki katika kupanga. Haidai hati ya shamba. Idadi ya watu ni moja ya vigezo vya kugawia kaunti fedha, na sensa humhesabu mtu mahali alipolala usiku ule. Mpangaji ameshaletea kaunti fungu lake. Asikose kusema litumikeje.

Tarehe ni hizi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha hufika kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ni vyema kutoa maoni kabla ya siku hizo. 

Kwa hivyo, mwenye ploti anapopata tangazo la kikao, alibandike langoni ili wapangaji wake walisome. Mpangaji naye afike katika ofisi ya msimamizi wa wodi aulize kikao kijacho ni lini, kisha aende na jirani. Maji yakikatika, mwenye ploti na mpangaji wote hubeba mtungi.