Kutunza Nyumba Kabla ya Mvua



Wengi wetu tulijenga kwa akiba ya miaka mingi. Lakini kazi ya nyumba haiishi siku ya kuhamia. Katika sehemu nyingi za Kenya masika huanza mwezi wa Machi, na vuli mwezi wa Oktoba. Basi yatupasa kuzikagua nyumba zetu kila Februari na Septemba, kungali kukavu.

Tuanze juu. Msumari uliolegea hupitisha maji chini ya bati, na maji huozesha mbao za paa. Mfereji uliozibwa na majani hutuamisha maji, na mbu huweza kukua humo kwa siku 10 hivi. Kisha tutazame kuta: vijia vya udongo vipandavyo ukutani ni dalili ya mchwa. Kuni nazo zisiegemezwe ukutani.

Bei ya msumari ni ndogo. Fedha za paa jipya hutoka katika karo ya watoto. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na wazee na wajane wasioweza kupanda ngazi, sisi majirani tuwapandie.